Muundo wa Sentensi ya Kiafrikana: Maelezo kwa Mwanafunzi Asemaye Kiswahili

1. Utangulizi

Miongoni mwa watu waliowahi kuishi Afrika Kusini hupatikana wengi wasemao kwamba Kiafrikana ni lugha nyepesi, tena lugha "isiyo na sarufi". Ushahidi wanaoutoa ni huu: kitenzi chake hakibadiliki kwa kufuata nafsi, nomino zake hazina jinsia wala ngeli, na njeo zake ni chache. Ushahidi huo ni wa kweli. Linalokosewa ni hukumu inayojengwa juu yake. Mwanafunzi anayeingia darasani akiamini kwamba hakuna kanuni za kujifunza hukariri mamia ya maneno kwa muda mfupi, kisha hushindwa kutunga hata sentensi moja ndefu ambayo msemaji wa lugha hiyo ataikubali.

Makala haya yanakusudia kueleza misingi ya sentensi ya Kiafrikana kwa msomaji anayetumia Kiswahili. Jambo kuu litakaloonyeshwa ni kwamba kazi ambayo Kiswahili huifanya ndani ya kitenzi, kwa njia ya viambishi, Kiafrikana huifanya nje ya kitenzi, kwa njia ya mpangilio wa maneno. Sarufi haikutoweka, ilihama kutoka katika umbo la neno ikakaa katika mahali pa neno.

Somo hili lina manufaa mawili kwa wasomaji wa Kongo. Kwanza, tangu miaka ya 1990 Wakongo wengi wamehamia Afrika Kusini, na miongoni mwao wamo wasemaji wa Kiswahili kutoka Katanga na Kivu. Watoto wao wanaosoma katika miji kama Cape Town hukutana na Kiafrikana shuleni, na mzazi asiyekijua hukosa la kumwambia mtoto anapoleta daftari nyumbani. Pili, shutuma ya kukosa sarufi haikutupwa juu ya Kiafrikana peke yake. Kiswahili cha Lubumbashi nacho kimeitwa mara nyingi lugha iliyovunjika, kwa sababu ile ile ya kupunguza viambishi. Kwa hiyo, kuchunguza jinsi lugha moja iliyopunguza maumbo yake inavyoendelea kushika kanuni ni kupata kipimo cha kuipimia nyingine.

2. Asili ya lugha kwa ufupi

Mwaka 1652 Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi wa Mashariki ilimtuma Jan van Riebeeck kuanzisha kituo katika Rasi ya Tumaini Jema, ili meli ziendazo Asia zipate maji na chakula. Kiholanzi cha mabaharia na wakulima kilikutana huko na lugha za Wakhoekhoe, waliokuwa wenyeji wa nchi, na lugha za watumwa walioletwa kutoka Visiwa vya Indonesia, Bara Hindi, Madagaska na Msumbiji. Makutano hayo yameacha alama hata katika maneno ya kila siku. Neno *baie* "sana, -ingi" limetoka katika Kimalei. *Gogga* "mdudu" limetoka katika Kikhoekhoe. *Mielie* "hindi" limetoka katika Kireno.

Kwa muda mrefu wenye elimu waliidharau lugha hiyo mpya, wakaiita *kombuistaal*, yaani lugha ya jikoni. Hata hivyo iliandikwa. Waislamu wa Cape Town waliiandika kwa herufi za Kiarabu katika karne ya 19, kama Waswahili wa pwani walivyoiandika lugha yao. Kitabu cha mafundisho ya dini cha Abu Bakr Effendi kilichapishwa kwa Kiafrikana cha namna hiyo mjini Istanbul mwaka 1877. Mwaka 1875 chama cha kuitetea lugha kilianzishwa mjini Paarl. Mwaka 1925 bunge liliitambua kisheria, na mwaka 1933 Biblia nzima ilitolewa katika lugha hiyo.

Baadaye lugha iliyodharauliwa ikawa chombo cha kudharau wengine. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga amri ya kufundishwa baadhi ya masomo kwa Kiafrikana, na polisi wakawapiga risasi. Katiba ya mwaka 1996 iliiweka lugha hii sawa na nyingine kumi, na mwaka 2023 lugha ya ishara iliongezwa kuwa lugha rasmi ya 12. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, watu asilimia 10.6 nchini Afrika Kusini walitaja Kiafrikana kuwa lugha yao ya nyumbani, na sehemu kubwa ya wasemaji wake si Wazungu. Historia hiyo yote haina budi kukumbukwa. Lakini sentensi ya Kiafrikana ina kanuni zake zisizotegemea nani aliyeitumia na kwa nia gani.

3. Kitenzi kisichobadilika

Katika Kiswahili kiambishi cha nafsi hubadilika, na kitenzi chaweza kusimama peke yake: *anasoma* ni sentensi kamili. Katika Kiafrikana kitenzi hubaki vile vile kwa nafsi zote, na kiwakilishi hakiwezi kuachwa:

(1) ek lees "ninasoma"
jy lees "unasoma"
hy lees "anasoma" (mwanamume)
sy lees "anasoma" (mwanamke)
ons lees "tunasoma"
julle lees "mnasoma"
hulle lees "wanasoma"

Kiwakilishi kikiondolewa, neno *lees* peke yake huwa amri: "soma!"

Njeo nazo ni chache. Wakati uliopita huundwa kwa kitenzi kisaidizi *het* pamoja na kitenzi kikuu chenye kiambishi *ge-*. Umbo hilo moja hufanya kazi ya *-li-* na ya *-me-* pia. Wakati ujao huundwa kwa *sal*:

(2) Ek het gelees. "Nilisoma; nimesoma."
(3) Ek sal lees. "Nitasoma."

Vitenzi vinavyoanza kwa *be-, ge-, er-, her-, ont-* na *ver-* zisizotiwa mkazo havipokei *ge-* nyingine: *ek het betaal* "nililipa", *ek het verstaan* "nilielewa". Vitenzi vichache vimehifadhi umbo la zamani la wakati uliopita, navyo yafaa vikaririwe tangu siku ya kwanza: *is* "ni" huwa *was*, *kan* "-weza" huwa *kon*, *moet* "-paswa" huwa *moes*, *wil* "-taka" huwa *wou*, *sal* huwa *sou*. Vitenzi viwili tu vina umbo la pekee la kitenzi-jina: *wees* "kuwa" na *hê* "kuwa na".

Tendo linaloendelea laweza kuonyeshwa kwa kuunganisha kitenzi cha kukaa, kusimama au kulala na kitenzi kikuu: *ek sit en lees*, neno kwa neno "nakaa na nasoma", maana yake "niko katika kusoma". Msemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi asemaye *niko nasoma* hatashangazwa na njia hiyo ya kuweka vitenzi viwili kwa tendo moja.

Tofauti ya lugha hizi mbili huonekana vema katika mfano huu:

(4) Hatukuwaona.
(5) Ons het hulle nie gesien nie.

Sentensi ya (4) ni neno moja lenye mofimu sita: *ha-tu-ku-wa-on-a*. Sentensi ya (5) ina maneno sita. Viungo havilingani kimoja kwa kimoja, lakini mzigo wa maana ni ule ule. Msemaji wa Kiswahili hawezi kusema *tu-ha-wa-ku-on-a*, kwa maana viambishi vina mahali pake. Vivyo hivyo, maneno ya sentensi ya (5) yana mahali pake. Ndiyo kusema kwamba mpangilio mkali ambao Kiswahili kinao ndani ya neno, Kiafrikana kinao ndani ya sentensi.

4. Kanuni ya kwanza: kitenzi katika nafasi ya pili

Katika kishazi huru cha taarifa, kitenzi kinachobeba njeo hukaa katika nafasi ya pili. Nafasi ya kwanza hukaliwa na kiima, au na kielezi, au na yambwa. Lakini chochote kitakachotangulia, kitenzi hakihami:

(6) Ek lees vandag die boek. "Ninasoma kitabu leo."
(7) Vandag lees ek die boek. "Leo ninasoma kitabu."
(8) Die boek lees ek vandag. "Kitabu ninakisoma leo."

Itaonekana kwamba kielezi *vandag* "leo" kinapochukua nafasi ya kwanza, kiima *ek* hupita nyuma ya kitenzi. Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili hukosea mara nyingi. Kwa kuwa husema "Leo mimi ninasoma kitabu", hutunga *Vandag ek lees die boek*. Na sentensi hiyo si sahihi, maana kitenzi kimesukumwa hadi nafasi ya tatu. Anayejua Kifaransa hukosea kwa sababu hiyo hiyo.

Nafasi si sawa na neno. Fungu zima la maneno huhesabiwa nafasi moja:

(9) Die ou man van die dorp lees die boek. "Mzee wa kijiji anasoma kitabu."

Katika mfano huo maneno sita yametangulia kitenzi, lakini yote ni kiima kimoja. Viunganishi *en* "na", *maar* "lakini" na *want* "kwa kuwa" havihesabiwi kabisa.

Swali la ndiyo au hapana huundwa kwa kuiacha nafasi ya kwanza wazi, kitenzi kikaanza: *Lees jy die boek?* "Je, unasoma kitabu?" Swali lenye neno la kuulizia hulipa neno hilo nafasi ya kwanza, na kitenzi hubaki cha pili: *Wat lees jy?* "Unasoma nini?" Kiswahili huliacha neno *nini* mahali pa yambwa, Kiafrikana hulileta mbele.

5. Kanuni ya pili: kitenzi cha mwisho hufunga sentensi

Sentensi inapokuwa na vitenzi viwili, kile kibebacho njeo hushika nafasi ya pili, na kile cha maana huenda mwisho kabisa. Maneno mengine yote hukaa katikati, kama vitu vilivyo kati ya kuta mbili:

(10) Die studente het gister die brief in die biblioteek gelees. "Wanafunzi waliisoma barua maktabani jana."
(11) Die studente moet môre die brief stadig in die klas lees. "Kesho wanafunzi wanapaswa kuisoma barua polepole darasani."

Msikilizaji wa Kiswahili hulisikia tendo mapema. Msikilizaji wa Kiafrikana husikia njeo mapema, kisha hungoja hadi mwisho apate kujua tendo lenyewe. Hilo ni zoezi la kumbukumbu ambalo halina budi kufanywa kwa sikio, si kwa macho tu.

Walimu wa Afrika Kusini hufundisha mpangilio wa katikati kwa kifupisho cha STOMPI: kiima, kitenzi cha kwanza, wakati, yambwa, namna, mahali, kitenzi cha pili, na mwisho kitenzi-jina kinachofuata *om te*. Mfano wa (11) unafuata mpangilio huo bila kuruka. Mfano wenye *om te* ni huu:

(12) Sy het gister by die biblioteek gewag om die brief te lees. "Jana alingoja penye maktaba ili aisome barua."

Kifupisho hicho kina kikomo kimoja. Yambwa ikiwa kiwakilishi, hutangulia wakati na kukaribia kitenzi cha kwanza: *Ek het hom gister gesien* "Nilimwona jana". Kiswahili nacho hukivuta kiwakilishi cha yambwa karibu na mzizi, hata kikawa kiambishi. Kiafrikana kimekivuta karibu bila kukiunganisha.

Vitenzi vingine vina sehemu mbili zinazoachana. *Opstaan* ni "kuamka, kusimama". Katika kishazi huru sehemu ya *op* huenda mwisho: *Ek staan vroeg op* "Ninaamka mapema". Katika wakati uliopita *ge-* huingia katikati: *Ek het vroeg opgestaan* "Niliamka mapema". Mwanafunzi anayetafuta neno katika kamusi yampasa atazame mwisho wa sentensi kabla ya kuamua ni kitenzi gani.

6. Kanuni ya tatu: kishazi tegemezi huahirisha kitenzi

Kishazi kikiongozwa na kiunganishi tegemezi kama *dat* "kwamba", *omdat* "kwa sababu", *as* "kama, iwapo" au *toe* "wakati ule", kitenzi huiacha nafasi ya pili na kwenda mwisho:

(13) Sy lees die boek. "Anasoma kitabu."
(14) Ek weet dat sy die boek lees. "Najua kwamba anasoma kitabu."
(15) Ek weet sy lees die boek. "Najua anasoma kitabu."

Mfano wa (15) ni wenye kufundisha sana. *Dat* ikiachwa, kitenzi hurudi katika nafasi ya pili. Kwa hiyo mahali pa kitenzi ndipo panapomwambia msikilizaji kama kishazi kimefungwa chini ya kingine au kimesimama chenyewe. Tofauti ya *want* na *omdat* yathibitisha jambo hilo:

(16) Sy bly tuis, want sy is siek. "Anabaki nyumbani, kwa kuwa ni mgonjwa."
(17) Sy bly tuis omdat sy siek is. "Anabaki nyumbani kwa sababu ni mgonjwa."

Maana zinakaribiana, lakini kitenzi *is* kimehama. Vitenzi viwili vikikutana mwishoni, *het* hufuata kitenzi kikuu, ilhali *sal*, *moet* na *kan* hukitangulia: *omdat sy die brief gelees het* "kwa sababu aliisoma barua", *omdat sy die brief moet lees* "kwa sababu anapaswa kuisoma barua".

Kishazi cha urejeshi nacho ni tegemezi. Kiswahili hurejesha kwa viambishi vifuatavyo ngeli: *-ye-, -o-, -cho-, -lo-* na vinginevyo. Kiafrikana hutumia neno moja, *wat*, kwa watu na kwa vitu:

(18) die man wat die boek lees "mtu anayesoma kitabu"
(19) die boek wat die man lees "kitabu anachosoma mtu huyo"

Upungufu wa viambishi hapa huweza kuleta utata. *Die man wat die vrou gesien het* yaweza kuwa "mwanamume aliyemwona mwanamke" au "mwanamume ambaye mwanamke alimwona". Isidhaniwe hata hivyo kwamba wingi wa viambishi huzuia utata siku zote: *mwanamume aliyemwona mwanamke* chaweza kufahamika kwa njia zote mbili hata katika Kiswahili sanifu. Dawa ya Kiafrikana itaonekana katika sehemu ya nane.

7. Kanuni ya nne: ukanushi wenye mwanzo na mwisho

Kiswahili hukanusha kwa kubadilisha kitenzi chenyewe. Kiafrikana huacha kitenzi kilivyo, kikatumia *nie* mbili. Ya kwanza hukanusha. Ya pili hufunga sentensi:

(20) Die huis is nie groot nie. "Nyumba si kubwa."
(21) Sy het nie geslaap nie. "Hakulala."
(22) Niemand het gekom nie. "Hakuna aliyekuja."
(23) Hy kom nooit laat nie. "Hachelewi kamwe."

Katika mifano ya (22) na (23) neno kanushi ni *niemand* "hakuna mtu" na *nooit* "kamwe", lakini *nie* ya mwisho haikukosekana. *Nie* ya kwanza ikiwa tayari imeangukia mwisho wa sentensi, hairudiwi: *Sy slaap nie* "Halali", *Ek ken hom nie* "Simjui".

Anayejua Kifaransa asilinganishe *nie... nie* na *ne... pas* bila tahadhari. *Ne* na *pas* hukizunguka kitenzi. *Nie* ya pili hungoja mwisho wa sentensi nzima, hata kama kishazi tegemezi kimeingia kati:

(24) Ek glo nie dat sy die brief gelees het nie. "Siamini kwamba aliisoma barua."

Mfano ulio karibu zaidi wapatikana katika Kikongo, ambacho huifunga sentensi kanushi kwa *ko*. Mwanafunzi aliyekulia katika lugha hiyo ana msaada ambao wenzake hawana.

Katazo huundwa kwa *moenie*, kitenzi, kisha *nie*: *Moenie hier rook nie!* "Usivute sigara hapa!"

8. Nomino na wahusika

Kiafrikana hakina ngeli. Kionyeshi dhahiri ni *die* kwa nomino zote, za umoja na za wingi. Kisicho dhahiri ni *'n*, kisichoandikwa kamwe kwa herufi kubwa, hata kikianza sentensi. Wingi huundwa zaidi kwa *-e* au *-s*: *boek, boeke* "kitabu, vitabu", *tafel, tafels* "meza, meza". Machache hayafuati kanuni hiyo, kama *kind, kinders* "mtoto, watoto".

Kivumishi hutangulia nomino. Vingine havibadiliki: *'n groot huis* "nyumba kubwa". Vingine hupokea *-e* vikitangulia nomino, na kuipoteza vikiwa baada ya kitenzi: *'n belangrike brief* "barua muhimu", lakini *die brief is belangrik* "barua ni muhimu". Hapa tena mahali ndipo paamuapo umbo.

Umilikaji huonyeshwa kwa *se*, na mwenye mali hutangulia: *die onderwyser se boek* "kitabu cha mwalimu", *my pa se broer se huis* "nyumba ya ndugu ya baba yangu". Kiswahili huanza na nyumba na kuishia kwa mwenyewe. Kiafrikana huanza na mwenyewe na kuishia kwenye nyumba. Neno *se* halibadiliki, ilhali Kiswahili sanifu huchagua *cha, ya, la, wa* na mengineyo. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambako *kitabu ya mwalimu* husikika sana, *ya* imekaribia kufanya kazi ya *se*: neno moja kwa nomino zote, na mpangilio usiobadilika.

Yambwa ikiwa mtu, hasa katika mazungumzo, mara nyingi hutanguliwa na *vir*:

(25) Ek het vir Maria gesien. "Nilimwona Maria."
(26) Ek het die huis gesien. "Niliona nyumba."

Kiswahili nacho hudai *-m-* kwa Maria, lakini chaweza kuiacha nyumba bila kiambishi. Lugha mbili zisizo na udugu zimetenga mtu na kitu katika nafasi ya yambwa, moja kwa kiambishi, nyingine kwa kihusishi. Na ule utata wa sehemu ya sita huondolewa kwa njia hiyo: *die man wat vir die vrou gesien het* ni mwanamume aliyemwona mwanamke, wala si vinginevyo.

Kuhusu heshima, *jy* hutumiwa kwa rika na wadogo, na *u* kwa shughuli rasmi. Lakini kijana mwenye adabu humwita mtu mzima *Oom* "mjomba, baba mdogo" au *Tannie* "shangazi, mama mdogo", hata kama hakuna udugu. Desturi hiyo si ngeni kwa Mkongo; kigeni ni kwamba jina hilo hushika mahali pa kiwakilishi kila mara: *Het Oom Oom se boek gelees?* Tafsiri yake ni "Baba, umesoma kitabu chako?", ingawa neno kwa neno ni kama kusema habari za mtu asiyekuwapo.

9. Kurudufu

Jambo moja litamfurahisha mwanafunzi wa Kiswahili. Kiafrikana hurudufu maneno kwa wingi: *gou-gou* "harakaharaka", *plek-plek* "mahali mahali, hapa na pale", *twee-twee* "wawili wawili". Hata vitenzi hurudufiwa vikawa vielezi: *lag-lag* "huku akicheka". Kiholanzi cha Ulaya hakina desturi hiyo kwa kiasi hicho, na wataalamu wengi huihusisha na Kimalei cha watumwa.

10. Hitimisho

Kanuni nne zilizoelezwa zaweza kukusanywa hivi: kitenzi kibebacho njeo hushika nafasi ya pili, kitenzi cha maana hufunga sentensi, kiunganishi tegemezi hupeleka vitenzi vyote mwisho, na ukanushi uliofunguliwa hufungwa. Anayezishika hizo ataweza kusoma habari fupi ya gazeti kwa msaada wa kamusi. Anayeanza na orodha ya maneno bila kanuni hizo atakuwa na matofali bila ramani ya nyumba.

Lililo kubwa zaidi ni funzo kwa wachunguzi wa lugha. Sarufi haipimwi kwa kuhesabu viambishi. Hupimwa kwa kuuliza kama wasemaji wanajua sentensi ipi inakubalika na ipi haikubaliki. Mtoto wa Cape Town hukataa *Vandag ek lees die boek* papo hapo, ingawa hajafundishwa sababu. Mtoto wa Lubumbashi naye husema *niko nasoma* wala hasemi *nasoma niko*. Wote wawili wana kanuni vichwani mwao, na aliyewaambia kwamba lugha yao haina sarufi hakuwasikiliza vema.

Swali linalobaki kwa wanafunzi wa Kiswahili nchini Kongo ni hili: pale ambapo Kiswahili cha miji kimeacha upatanisho wa ngeli, kazi iliyokuwa ikifanywa na upatanisho imehamia wapi? Je, imehamia katika mpangilio wa maneno, katika vionyeshi, au katika kiimbo? Jibu litapatikana kwa kukusanya sentensi za wasemaji wenyewe, sokoni, mgodini na nyumbani, na kuziandika kama zinavyosemwa kabla ya kuzisahihisha.